Habu ya Nyuma ya Black Mamba: Kuifungua, Kuiosha na Kuitia Grisi

Mzigo wa baiskeli ya Black Mamba hubebwa na habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Mbele kuna usukani na sehemu ndogo ya uzito wa mwendeshaji. Nyuma kuna keria, na juu ya keria abiria, gunia la mahindi la kilo 90, au mitungi minne ya maji ya lita 20. Mjini Kisumu pikipiki zimewachukua abiria wengi tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, lakini maji, mkaa, samaki na mboga za soko la Kibuye bado husafiri kwa baiskeli, na habu inayobeba mizigo hiyo huchakaa mapema.

Ndani yake hakuna mengi. Ekseli imepita katikati, na kila upande ina koni iliyobanwa kwa nati. Kati ya koni na kikombe cha habu zimo gololi 9 za robo inchi, yaani 18 kwa jumla. Friwili, yaani gia ya mnyororo, imefungwa kwa hesi upande wa kulia, na kwa kuwa imechukua nafasi, gololi za upande huo zimekaa ndani, mbali na fremu. Kipande cha ekseli kisicho na mhimili hapo ni kirefu, na ndiyo sababu ekseli nyingi hupinda au kukatika upande wa mnyororo.

Adui ni maji na mchanga. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo kutu haili haraka kama Mombasa, lakini maji ya samaki yanayodondoka kutoka kwenye kikapu huishia juu ya habu, na mchanga wa ufuo wa Dunga hunasa papo hapo. Katika nyanda za Kano, mvua za masika zikianza mwezi Machi, tope jeusi hujaa hadi kwenye madigadi. Baiskeli iliyovushwa kwenye mafuriko ya mto Nyando maji yakapita usawa wa ekseli ifunguliwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Ile ya kubebea maji au samaki yafaa ifunguliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ya kwendea kazini, mara mbili kwa mwaka inatosha.

Dawa ya mtaani ya habu inayolia ni kuidondoshea oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki. Ni ya bure, na mlio hunyamaza kwa siku mbili. Lakini oili hiyo ina unga wa chuma, huyeyusha grisi iliyobaki, na huusukuma mchanga wa pembeni hadi kwenye gololi. Habu nyingi za zamani zina tundu la oili lenye kifuniko cha bati. Kifuniko kikiwa kimepotea, tundu lizibwe, kwa sababu linaingiza vumbi zaidi kuliko linavyoingiza oili.

Baada ya gurudumu kutolewa, hulazwa juu ya karai, upande wa kushoto ukiwa juu. Nati ya kushoto na koni yake hufunguliwa kwa spana nyembamba, kisha ekseli huchomolewa kupitia upande wa friwili. Koni ya kulia ibaki mahali pake ikiwa ni nzima, kwa kuwa ndiyo inayoliweka gurudumu katikati ya fremu. Gololi hudondokea kwenye karai, zihesabiwe. Grisi ya zamani nayo ina habari: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikikwaruza ikisuguliwa kati ya vidole viwili, ni mchanga.

Vyote huoshwa kwa mafuta ya taa na kufutwa hadi vikauke. Petroli husafisha haraka zaidi, ila kwenye kibanda chenye jiko la mkaa jirani si jambo la kujaribu. Koni nzima huonyesha mstari mmoja unaong'aa pande zote. Ikiwa na vishimo, hata kidogo kama kichwa cha pini, itupwe, kwani grisi haijazi kishimo. Ekseli hubingirishwa juu ya kioo au meza tambarare, na iliyopinda hujionyesha yenyewe. Gololi hubadilishwa zote pamoja. Ni bei ndogo, na mpya ikichanganywa na iliyolika, ile kubwa hubeba mzigo peke yake hadi ipasuke.

Grisi mpya hujazwa kwenye vikombe, kisha gololi 9 hubandikwa kila upande. Nafasi ndogo itabaki. Gololi ya kumi isilazimishwe. Ekseli ikirudi, koni ya kushoto huzungushwa kwa vidole hadi iguse, hurudishwa kidogo, halafu hushikiliwa kwa spana wakati nati inakazwa. Hapa ndipo mafundi wazuri huchukua muda. Gurudumu likishafungwa kwenye fremu, rimu ikitikiswa kushoto na kulia isiwe na mchezo wowote, na vali ikiinuliwa juu kidogo upande mmoja kisha ikaachiliwa, uzito wake ulizungushe gurudumu hadi vali ifike chini. Gurudumu lisiposhuka, koni imebana na italika.

Friwili haitaki grisi. Meno yake madogo ya springi yakigandishwa na grisi nzito hushindwa kuchomoka, na pedali huzunguka bure. Balaa kwa mwenye gunia anayepanda mlima wa Riat kuelekea Kiboswa. Friwili huoshwa kwa mafuta ya taa gurudumu likiwa limelazwa, upande wake ukiwa juu, kisha oili nyepesi safi hudondoshwa kwenye ufa wake huku ikizungushwa kinyumenyume hadi mlio wa meno uwe mmoja. Baada ya siku ya kwanza ya mzigo, mchezo wa rimu ukaguliwe tena: koni mpya hujikalia, na nati hudai robo mzunguko.