Jina Linapogeuka Amri

Wanafunzi wengi hudhani kwamba jina la faili ni jina tu, wala haliwezi kudhuru. Katika somo hili tutaona kwamba laweza.

Programu nyingi za kompyuta hazifanyi kazi zote zenyewe. Zikihitaji msaada, huandika sentensi ya amri na kumpelekea mfasiri wa amri, naye huita programu nyingine. Mfasiri huyo ni mtumishi mtiifu mno. Kwake nukta-mkato ni mwisho wa amri moja na mwanzo wa nyingine, wala haulizi ni nani aliyeiandika.

Tuseme programu yaandika neno "onyesha", kisha jina la faili ulilolitaja. Ukitaja "picha; futa barua", mfasiri ataonyesha picha, halafu atafuta barua!

Haya yametokea. Mwezi wa Mei 2016 ilitangazwa kwamba ImageMagick, programu ya kugeuza picha, ina kasoro hiyo. Anwani ya intaneti iliyoandikwa ndani ya faili ya picha ilitiwa katika amri bila kuchujwa vya kutosha. Hivyo mtu mwenye hila aliweza kutuma faili, na kompyuta ya mwenziwe ikatii amri zake. Kasoro hiyo ilitengenezwa mwaka ule ule.

Dawa ni mbili. Kwanza, mwandishi wa programu asimpitie mfasiri. Aiite programu ya pili moja kwa moja, na jina alikabidhi peke yake. Pili, apokee herufi zilizoruhusiwa tu.

Zoezi: Kwa nini dawa ya kwanza yaizuia nukta-mkato isidhuru?