Mkojo Wenye Sukari: Dalili Iliyogeuzwa Kuwa Dawa

Somo la biolojia kwa shule za sekondari

Tuchukue mfano wa mkulima wa minazi wa Kanga, kijiji kilichoko kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia. Tuseme mkulima huyo amesafiri hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya, akapimwa hospitalini na kuambiwa kuwa ana kisukari cha aina ya pili. Akapewa vidonge. Baada ya miezi michache damu yake inapimwa, na sukari imeshuka. Lakini mkojo wake unapopimwa, sukari inaonekana tele. Asiyejua ni dawa gani aliyopewa atadhani kwamba ugonjwa umezidi, kumbe dawa inafanya kazi yake sawasawa. Makala hii yaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwa nini yafaa lifahamike.

UGONJWA WENYEWE

Kisukari ni ugonjwa ambao glukosi katika damu huzidi kipimo cha kawaida. Katika aina ya kwanza, seli za kongosho zitengenezazo insulini huangamia. Mgonjwa wa aina hii hawezi kuishi bila insulini, dawa ambayo alidungwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, Januari 1922. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo huwapata watu wengi zaidi, insulini huwapo lakini mwili hauiitikii ipasavyo, na hatimaye kongosho huelemewa.

Ugonjwa huu haukuwa wa kawaida vijijini. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania, ambao Donald McLarty na wenzake waliutangaza mwaka 1989, ulikuta wagonjwa asilimia 0.87 tu miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha asilimia 9 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa haukuwa sawa, wala namna ya kuwachagua haikuwa moja. Kwa hiyo tarakimu hizi hazilinganishwi moja kwa moja. Hata hivyo zatuonya kwamba kisukari si ugonjwa wa kigeni tena.

Dawa za zamani zilielekezwa kwenye ini, kongosho na insulini. Metformini, iliyoanza kutumiwa Ufaransa mwaka 1957 na ambayo hadi leo ndiyo dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi, hupunguza sukari itolewayo na ini. Glibenklamidi huihimiza kongosho itoe insulini zaidi. Figo zilikuwa shahidi tu: sukari ikizidi katika damu, ilimwagika katika mkojo. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa mgonjwa.

HESABU YA FIGO

Figo mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kwa siku. Katika mtu mwenye afya, kila lita ina karibu gramu 1 ya glukosi. Kwa hiyo gramu 180 za glukosi hupita katika vichujio vya figo kila siku. Mbona basi mkojo wake hauna sukari? Ni kwa sababu kuta za mirija ya figo zina protini maalumu za uchukuzi, ambazo huidaka glukosi na kuirudisha katika damu. Protini moja iitwayo SGLT2 hurudisha karibu asilimia 90 ya mzigo huo.

Wachukuzi hawa wana kikomo. Glukosi ya damu ipitapo kiasi cha milimoli 10 kwa lita, mzigo huwazidi, na sukari huanza kuonekana katika mkojo. Tena, kwa mgonjwa wa kisukari wachukuzi huongezeka badala ya kupungua, na hivyo figo huirudisha ndani sukari ambayo mwili ungefaa kuitupa.

KUTOKA GOME LA MTI HADI KIDONGE

Mwaka 1835 wanakemia walipata kutoka gome la mzizi wa mti wa matofaa ya nchi za baridi kitu kiitwacho florizini. Mwaka 1886 Joseph von Mering alionyesha kwamba florizini hutia sukari katika mkojo. Lakini haikufaa kuwa dawa, kwani huvunjwavunjwa tumboni, na pia huzuia wachukuzi wa glukosi walioko katika utumbo.

Wanakemia wa zama zetu waliibadili florizini hata wakapata dawa zinazomzuia SGLT2 zaidi kuliko wengine. Kundi hili huitwa gliflozini. Dapagliflozini iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Empagliflozini ilifuata mwaka 2014. Mgonjwa azitumiapo aweza kutoa kiasi cha gramu 70 za glukosi kwa siku katika mkojo, yaani vijiko vya chai 14 hivi vya sukari.

FAIDA ILIYOPIMWA

Jambo lililowashangaza wataalamu lilitokea mwaka 2015. Empagliflozini ilijaribiwa kwa wagonjwa 7,020 wa aina ya pili waliokuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu. Kwa muda wa miaka 3 hivi, waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa asilimia 5.9 kati ya wasiopewa dawa hiyo, na asilimia 3.7 kati ya waliopewa. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba dawa za kundi hili huchelewesha pia kuharibika kwa figo. Faida hii ni kubwa kwa mtu akaaye mbali na hospitali kubwa, kwani figo zikishindwa kabisa hana budi kusafishwa damu kwa mashine mara kadhaa kwa wiki.

TAHADHARI

Kwanza, mgonjwa anayetumia gliflozini apimwe damu. Mkojo wake hauwezi kueleza hali ya sukari mwilini. Amwambie kila mganga jina la dawa yake.

Pili, dawa hizi si badala ya insulini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini yumo hatarini mwa kufa.

Tatu, sukari hutoka pamoja na maji. Mwenye kuhara au kutapika, na anayekusudia kufunga Ramadhani, yampasa ashauriane na mganga mapema. Tindikali iitwayo ketoni yaweza kujaa katika damu hata kama sukari haikupanda sana. Dalili zake ni kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi. Aonaye dalili hizo akimbilie hospitali.

Nne, sukari katika mkojo hulisha kuvu, na maambukizo ya sehemu za siri huweza kutokea. Usafi ni kinga njema, wala si aibu kumweleza mganga.

DAWA NA UMBALI

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza gliflozini katika orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2025 liliingiza pia semaglutidi na wenzake, dawa ziigazo homoni ya utumbo. Lakini nyingi kati ya hizo ni sindano zinazohitaji kuhifadhiwa kwenye baridi kabla ya kuanza kutumiwa, na bei yake ni kubwa. Gliflozini ni kidonge kisichohitaji jokofu. Hataza ya dapagliflozini iliisha nchini India mwaka 2020, na viwanda vingi vya huko vikaanza kuitengeneza kwa bei nafuu. Orodha peke yake haivushi dawa bahari. Ila kidonge rahisi kisichoharibika kwa joto la kawaida chaweza kufika Kanga mapema kuliko sindano.

MASWALI

1. Ikiwa kila lita ya maji ya damu ina gramu 2 za glukosi, ni gramu ngapi zitachujwa kwa siku?

2. Gramu 1 ya glukosi hutoa kilokalori 4 hivi. Gramu 70 zikitupwa kila siku, mwili hupoteza kilokalori ngapi? Eleza basi kwa nini mgonjwa hupungua uzito kidogo.

3. Katika jaribio la mwaka 2015, ni watu wangapi hivi katika kila 100 waliookolewa? Kwa nini yafaa tarakimu hiyo itajwe sambamba na usemi kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 38?