Kuku Aliyeziba Gole

Katika vihamba vya Kilimanjaro, tangu Machame mpaka Marangu, kuku akionekana amesimama peke yake chini ya mgomba, manyoya yamevimba na kichwa kimeinama, mwenye nyumba husema mara moja, "Ni kideri." Basi humchinja upesi, au humfunga miguu akampeleka sokoni kabla hajafa. Kumpeleka sokoni ni vibaya sana, kwa maana ikiwa ni kideri kweli, atakieneza katika nyumba za watu wengine. Lakini mara nyingine kuku huyo hana kideri hata kidogo: ameziba gole, na angaliweza kupona pale pale nyumbani.

Gole ni mfuko ulio chini ya shingo, kuumeni mwa kifua. Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza goleni kikalainika, kisha hushuka mpaka firigisi, ambamo husagwa kwa vijiwe alivyomeza. Jioni gole hujaa, na usiku humwagika. Kwa hiyo wakati wa kulipima ni alfajiri, kabla kuku hajala. Lishike kwa vidole taratibu. Likiwa tupu, tafuta ugonjwa mwingine. Likiwa limejaa na gumu kama donge la unga uliokandwa, limeziba. Likiwa laini, limejaa maji, na kinywa chanuka uchungu, chakula kimechacha ndani; usilikande hilo, bali mwulize bwana mifugo.

Yafaa pia kuwatazama kuku wengine. Kideri hakishiki kuku mmoja kikawaacha wenzake: utaona wengi wanahema kwa shida, wanahara kijani, au wanapinda shingo, na vifo vyafuatana. Gole la kuku wa kideri nalo laweza kubaki limejaa, kwa hiyo usiamue kwa gole peke yake. Ukiona dalili hizo, mpe habari bwana mifugo siku ile ile, wala usimtoe kuku hata mmoja nyumbani.

Ikiwa ni gole tu, mtenge kuku katika tenga safi lisilo na majani chini, maana atayala. Mnyime chakula muda wa siku moja, lakini maji safi asikose. Mpe kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, ya alizeti au ya karanga, yakiwa vuguvugu. Msaidizi amshike kuku wima kama asimamavyo. Nawe tia mafuta tone kwa tone kando ya mdomo, ukingoje ameze kila mara. Mafuta ya taa, pombe na maji ya tumbako ni sumu kwake, ingawa wako wazee watakaokushauri hivyo.

Kisha kanda gole kwa vidole, polepole, muda wa dakika tano au zaidi kidogo, ukivunja lile donge. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Kazi hii yataka subira kuliko nguvu. Zamani tulifundishwa kumpindua kuku kichwa chini na kulikamua gole ili uchafu utoke kinywani. Nami nilifanya hivyo kwa tetea mzuri aliyekuwa na vifaranga tisa. Maji yakamwingia mapafuni, akafa mikononi mwangu. Tangu siku ile simpindui kuku, wala simfundishi mtu kumpindua.

Gole likianza kulegea, mpe pumba laini iliyolowana, kidogo kidogo, na changarawe ndogo pembeni. Ikiwa siku mbili zimepita na donge bado lipo, yawezekana kizuizi kiko chini zaidi, katika firigisi, na kukanda hakutafaa. Huenda ikabidi gole lipasuliwe. Hiyo ni kazi ya mganga wa mifugo, si ya wembe wa nyumbani.

Sasa tuangalie asili ya jambo lenyewe, kwa maana iko katika desturi yetu. Ng'ombe wetu hulishwa zizini, na akina mama hubeba mizigo ya majani marefu kutoka nyanda za chini mpaka kihambani. Mabaki makavu hukanyagwa na ng'ombe, na kuku huyachakura wakitafuta wadudu, wakameza nyuzi ndefu ambazo firigisi haiwezi kuzikata. Nyuzi hizo hujisokota goleni kama kamba, na kila chakula kijacho hunaswa humo. Vivyo hivyo nyuzi za katani za kufungia mizigo, na nyuzi za maganda makavu ya migomba. Hatari huzidi kwa kuku waliofungiwa bandani, ambao hawapati vijiwe vya kusagia, na kwa kuku waliolala na njaa wakamwagiwa mahindi mengi asubuhi.

Kwa hiyo zoa mabaki ya majani kila siku uyatie katika shimo la mboji, na vipande vya kamba uviokote. Majani ya kuku yakatwe mafupi kama upana wa kidole. Changarawe ya mtoni, iliyooshwa, iwekwe bandani katika kigae.

Kuku aliyepona mpime kila alfajiri kwa muda wa juma moja. Yule ambaye gole lake limelegea likaning'inia huziba tena na tena. Huyo mnenepeshe kwa chakula laini, kisha mfanye kitoweo.