Faili la asili lina bei yake

Kila dizaina wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, anaijua meseji hii. Bango limekwisha, pesa imeingia kwenye Airtel Money, mteja wa Lilongwe ameshukuru. Baada ya muda anaandika tena: "Nitumie na ile ya kuhariri." Anaiomba kama mtu anayeomba mfuko wa kubebea bidhaa aliyokwisha kuilipia. Anachotaka ni faili la asili, PSD, AI au CDR, lenye tabaka zake zote na maandishi yanayobadilika. Mimi nasema alinunue. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa nikiwa kambini, wateja wangu wengi wakiwa mjini, na haya ndiyo yaliyonifikisha hapo.

1. Bango na faili lake ni bidhaa mbili

Aliyelipia bango la mkutano wa injili amelipia kitu cha kutundika. Faili la asili linampa uwezo mwingine kabisa: kubadilisha tarehe na jina la mhubiri, akatoa bango la mwaka ujao na la mwaka unaofuata bila kunitafuta tena. Kuutaka uwezo huo si kosa. Ila thamani yake haikuwamo katika bei ya bango moja. Isitoshe, ndani ya faili hilo mna mapambo niliyoyachora mwenyewe kwa miezi mingi, na mpangilio ninaoutumia kwa kazi nyingine. Nikilitoa bure, nimetoa pia mtaji ambao mteja huyo hakuufikiria wala hakuuona.

2. Aliye kambini ana sababu zaidi ya kutoza

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na kanisani. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliwekea mipaka vifungu vya ajira na vya uhuru wa kutembea, na mpaka sasa mipaka hiyo ndiyo inayopanga maisha yetu. Waliokuwa na maduka mjini walikutwa na amri ya Machi 2023 ya kurudi kambini, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya. Wapo walioacha mashine na wateja nyuma yao.

Tuangalie maana yake kwa biashara. Dizaina wa Old Town, mjini Lilongwe, akimpa mteja faili, mteja huyo bado anapita mbele ya duka lake. Ataingia kusalimia, atatoka na oda ya kadi za harusi. Mimi niko zaidi ya kilomita 40 kaskazini, wilayani Dowa, na mteja ananijua kwa namba ya WhatsApp. Faili likishaondoka, mara nyingi na yeye ameondoka. Duka lolote la uchapaji lenye kijana anayejua CorelDRAW litamalizia kazi niliyoianza, na mimi sitasikia habari zake.

Tena kuna dhana inayoniuma. Tangu Tamasha la Tumaini lianze humu kambini mwaka 2014, kwa juhudi za mshairi na msanii Menes la Plume, watu wa mjini wanakuja hapa, wanaona muziki, nguo, michoro, wanapenda. Lakini baadhi yao wakishaiona kambi wanadhani bei nayo ni ya kambi. Wananiomba faili la asili kwa sauti ya mtu anayenisaidia. Umeme wangu ukikatika unakatika kama wa mjini, na bando langu nalinunua kwa kwacha ile ile. Sioni kwa nini kazi yangu ipungue thamani kwa sababu ya mahali ninapolala.

3. Si kila faili la asili ni la kuuzwa kando

Hapa natofautiana na wenzangu wanaotoza kila kitu. Nembo lazima itoke na faili lake la vekta, na bei ya nembo iwe imekwisha kulibeba. Nembo itachapwa kwenye kalamu, kwenye fulana, kwenye ubavu wa gari. Ukimpa mtu PNG peke yake umempa kitu ambacho mchapaji wa bango kubwa hawezi kukitumia. Kumdai pesa ya pili baada ya hapo ni kumkamata shingo.

Vivyo hivyo cheti cha mafunzo ambacho shule itajaza majina kila muhula, au barua yenye kichwa cha shirika. Kuharirika ndiko kulikoagizwa. Huwezi kukiuza cheti halafu ukauza ruhusa ya kuandika jina.

Penye mabango, kalenda, vipeperushi na vitabu vidogo vyenye michoro, hapo natoza. Kwa bango huongeza nusu ya bei. Kwa kitabu chenye michoro ya mkono wangu, bei ya faili hukaribia bei ya kazi yenyewe, na sipunguzi kirahisi.

Vikundi vya humu kambini ni habari nyingine. Mama wa kikundi cha ushonaji akiniambia, "Mwanangu, tunataka tubadilishe bei wenyewe," ninamkalisha karibu na kompyuta nikamwonyesha namna. Pesa yao siiulizi.

4. Faili lisilofunguka ni ugomvi unaosubiri

Mteja anadhani faili la asili ni kitu kimoja kinachofunguka popote. Sivyo. CDR iliyohifadhiwa katika toleo jipya haifunguki katika toleo la zamani lililoko kwenye mashine ya mchapaji. Fonti isipokuwamo kwenye kompyuta ya mteja, maandishi yanahama na bango linavurugika, kisha naambiwa nimetuma kazi mbovu. Nikiyageuza maandishi kuwa michoro, bango linachapika vizuri lakini hakuna anayeweza kubadilisha neno hata moja.

Kuna na suala la leseni. Fonti niliyoinunua siwezi kuigawa kwa kila mteja, wala picha niliyolipia. Kwa hiyo kazi ninayojua itauzwa na faili lake naijenga tangu mwanzo kwa fonti zenye leseni huria, ambazo mteja anaruhusiwa kuwa nazo. Wengi wetu hatuna kadi ya benki ya kulipia Adobe, ambayo tangu 2013 iligeukia malipo ya mwezi, hivyo tunatumia Inkscape na GIMP. Mteja aambiwe hilo mapema. Kumwandalia faili linalofunguka kwake, lenye tabaka zilizopewa majina, ni kazi ya saa kadhaa, na saa hizo zimo ndani ya bei ninayotaja.

5. Sheria haitakusemea

Malawi ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2016, na COSOMA, chama cha hakimiliki cha nchi hiyo, ndiyo inayoisimamia. Lakini nchi hazifanani, na wateja wetu wengine wako Nairobi au London. Kenya, chini ya sheria yake ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Uingereza, kwa sheria ya 1988, hubaki kwa aliyeitengeneza. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo mwaka 1989, katika kesi ya mchongaji James Earl Reid, ilikataa kumhesabu msanii wa kujitegemea kama mwajiriwa wa aliyemwagiza. Na hakimiliki ni jambo moja, faili ni jingine. Mkiandikiana, andikeni yote mawili.

6. Bei itajwe kabla ya mchoro wa kwanza

Kutaja bei ya faili baada ya mteja kulihitaji kwa haraka, wakati wageni wake wako njiani, ni kumnyang'anya. Mimi huandika kwenye meseji ya kwanza ya bei: utapata PDF ya kuchapisha na JPEG ya kutuma, faili la asili ni kiasi hiki, uamuzi ni wako, na bei haitabadilika kwa miezi 12. Wengi hawalitaki. Wanaolitaka wanalipa bila maneno.

7. Dizaina anaweza kuondoka

Hili wenzetu wa mjini hawalifikirii sana. Mkimbizi anaweza kupata safari ya kuhamia nchi nyingine, kama Kanada, akafungasha katika muda mfupi. Mwenzangu mmoja alipopangiwa kuondoka, alipitia diski yake usiku kucha akiwatumia wateja mafaili yao, waliolipia na wasiolipia, kwa sababu hakutaka shule ya watu ibaki bila vitabu vyake. Nilimwona akifanya hivyo, na sasa kipengele hicho kimo katika makubaliano yangu: nikiondoka Dzaleka moja kwa moja, au nikishindwa kuendelea na kazi, mteja anapewa mafaili yake ya asili bure, kwenye flashi au kwa kiungo cha kupakua. Nakala ninamwachia mwenzangu mmoja hapa kambini, na jina lake mteja analijua.