Mbwa Mkubwa wa Ulinzi: Tabia Yake na Malezi Yake

Kibao chenye maneno "Mbwa Mkali" kilichopachikwa getini hakimsaidii mtoto wa darasa la awali ambaye hajajua kusoma. Usalama wa mtoto huyo u mikononi mwa mwenye mbwa. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Chitete anayefuga au anayekusudia kufuga mbwa wa kigeni wa ulinzi, hususan German Shepherd ambaye wengi humwita mbwa wa Kijerumani, hana budi kumfahamu mnyama huyo kabla ya kutoa fedha yake.

Jamii hii ya mbwa ilianza kuandikishwa rasmi nchini Ujerumani mwaka 1899, chini ya usimamizi wa Max von Stephanitz, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi. Kazi ya awali ya mbwa hawa haikuwa kuuma watu. Walizunguka kundi la kondoo kutwa nzima wakilizuia lisiingie mashambani, kazi ambayo mfugaji na mkulima wa Wilaya ya Momba wanaijua thamani yake bila kuelezwa. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40, na kimo chake begani hufikia sentimita 65. Ni mwepesi wa kujifunza, humpenda bwana wake na huwashuku wageni. Wepesi huo wa kujifunza ndio uliowafanya polisi wa mataifa mengi wamchague.

Mbwa wa namna hii akikosa kazi huitafuta mwenyewe. Afungwaye mnyororo mfupi tangu alfajiri hadi usiku hageuki kuwa mlinzi bora. Huwa na woga na hasira, na siku mnyororo unapokatika humrukia yeyote aliye karibu, mara nyingi mtoto wa nyumba hiyo hiyo au wa jirani. Wapo wanaomnyima chakula au kumlisha pilipili ili awe mkali. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Wala haina faida: mbwa mwenye njaa hufuata mfupa wa mwizi upesi kuliko aliyeshiba.

Malezi huanza mapema. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi, akili yake hupokea kwa urahisi mambo mapya. Huo ndio wakati wa kumzoesha watoto, wazee wenye bakora, pikipiki, kuku na ng'ombe. Aliyefichwa uani katika majuma hayo huogopa kila kitu ukubwani, na mbwa mwoga mwenye kilo 40 ni hatari kuliko mbwa jasiri. Mafunzo yawe mafupi, ya kila siku, na sauti ya amri iwe moja kwa familia nzima.

Kuhusu chakula, pumba peke yake haitoshi. Ugali uliochanganywa na dagaa au nyama iliyopikwa humfaa, ila mifupa iliyopikwa hupasuka na kutoboa utumbo, na vitunguu ni sumu kwake. Alishwe mara mbili kwa siku, wala asikimbizwe mara tu baada ya kula, kwa kuwa mbwa mwenye kifua kirefu huweza kujaa gesi na tumbo likajipinda, akafa ndani ya saa chache. Manyoya yake ni mazito, hivyo katika joto la bonde la Ziwa Rukwa anahitaji kivuli na maji safi muda wote. Kupe nao waondolewe mara kwa mara, maana mbwa wa kigeni huzidiwa na homa ya kupe upesi kuliko wa kienyeji.

Lililo kubwa kuliko yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Hutolewa mbwa afikishapo miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka, na cheti chake kitunzwe. Ugonjwa huu, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kupaka majani au mafuta ya taa ni kupoteza muda. Mbwa asiuawe kwa hasira: afungiwe mahali salama na Afisa Mifugo wa Kata aarifiwe ili amchunguze kwa siku 10. Mbwa akifa, akibadilika tabia au akitoweka katika siku hizo, mtoa huduma ya afya aelezwe bila kuchelewa, na dozi zilizosalia za aliyeumwa zisikatishwe.