Kibeti cha Gome la Mti

Wengi wenu mmekwisha kushona kibeti cha kitenge. Muhula huu nataka tushone cha nguo ya gome la mti, ile ambayo wazee wetu wa Buhaya huiita rubugo. Anayeishona kama kitenge ataipasua, na sababu yake nitaieleza.

Nguo hii hutoka katika mti wa jamii ya mkuyu, ambao jirani zetu Waganda huuita mutuba. Wakati wa mvua fundi hulibandua gome la ndani, akaliponda kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka likapanuka na kulainika. Shina hufungwa majani ya mgomba, nalo huota gome jipya, hivyo mti haufi. Wazee wetu waliivaa mpaka wafanya biashara wa pwani walipoleta nguo za pamba katika karne ya 19. Huko Buganda kazi hii ingali hai, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu.

Sasa tazameni kwa makini. Kitenge kimefumwa: kina mtande na mshindio, na sindano hupita katikati ya nyuzi bila kuzidhuru. Rubugo haikufumwa. Ni nyuzinyuzi za mti zilizopondwa zikashikamana, kwa hiyo kila tundu la sindano ni jeraha. Ukiyapanga matundu karibu karibu, nguo itachanika pale pale, kama stempu za posta zinavyochanika. Basi acha milimita 4 kati ya tundu na tundu, tumia sindano nyembamba, na usifumue fumue. Kwa upande mwingine ina faida: ukingo wake hauchomoki nyuzi.

Chukua kipande chenye upana wa sentimita 20 na urefu wa 30. Kabla ya kukata, ivute nguo taratibu huku na huku. Upande ulio imara zaidi ndio uwe urefu, maana huo ndio utakaokunjwa na kuvutwa kila siku. Ukikuta kiraka alichoshona fundi aliyeiponda, usikifiche. Mimi hukiweka mbele, nami naona hupendeza kuliko ua lo lote la kutarizi.

Kata bitana ya pamba ya kipimo hicho hicho, uishikize kwa bandi ndefu pembezoni. Kisha kata utepe wa kitenge wenye upana wa sentimita 4, ukate hanamu ili upinde vizuri kwenye pembe. Utahitaji sentimita 80: 20 za kuvika ukingo wa chini kwanza, na 60 za kuzunguka pande nyingine baada ya kukunja. Kunja sentimita 11 kwenda juu ziwe mfuko. 11 nyingine ni mgongo, na 8 zilizobaki ni kifuniko. Utepe ndio unaobeba mvuto wa mshono, wala si gome. Nyuma ya kifungo weka kijipande cha kitenge kilichokunjwa mara mbili, la sivyo kifungo kitatoka na nguo yake.

Kuna neno jingine ambalo halihusu sindano. Nilipompelekea bibi yangu kule Kamachumu, Muleba, kibeti cha namna hii, hakukishika upesi. Alisema rubugo aliyoizoea ni ya kumfunikia maiti. Iweje leo itiwe fedha za sokoni? Nilimjibu kwamba wazee wake waliivaa wakiwa hai, wakalimia na kuolewa nayo. Alicheka kidogo, lakini hakukubali. Basi, mwanafunzi, usimpe mzee kibeti hiki pasipo kumwuliza kwanza. Yule anayenunua Bukoba mjini aelezwe pia nguo hii ni kitu gani na ilitumikaje. Nijuavyo mimi, hulipa kwa moyo zaidi akijua.

Na ukipanga bei, usihesabu uzi na kitenge peke yake. Hesabu saa zako, na kazi ya yule aliyeiponda. Nimeona vibeti vikiuzwa kwa bei ya gharama tu, na mshonaji akaacha kazi kabla mwaka haujaisha.

Kibeti hiki kisifuliwe kwa kusuguliwa na sabuni. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, na kikilowa kianikwe kivulini. Vipande vilivyobaki visitupwe: kipande cha sentimita 4 kilichogandishwa juu ya kadi ngumu na kuvikwa utepe hutosha hereni moja, na mshipi mwembamba uliotiwa bitana hufaa kuwa bangili. Mwenye vipande vingi alete darasani Ijumaa, twaweza kugawana.