SOMO LA WIKI: ELIYA CHINI YA MRETEMU

Tusome 1 Wafalme 19:1-18.

Sisi wakimbizi tunamwelewa Eliya upesi. Yezebeli aliapa kumwua, naye akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mretemu (kichaka tu cha jangwani, si mwembe!) akaomba afe. Tuangalie Mungu alianzia wapi. Hakuanza na mahubiri. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena, na chakula mara ya pili.

Wako kati yetu wasiolala usiku kwa mawazo. Kwa wengine msitu wenyewe ni habari mbaya: tulijificha humo, tukazika watu wetu humo. Mtu asiwaambie kwamba hiyo ni imani haba. Hata kwa Eliya, jangwa lilikuwa mahali pa kukimbilia kabla ya kuwa mahali pa kukutana na Mungu, na katikati zilipita siku 40 za kutembea hadi Horebu. Huko upepo ulipasua miamba, nchi ikatetemeka, moto ukaja, Bwana hakuwamo. Baada ya kelele zote ikasikika sauti ya chini. Na kabla ya upepo na baada yake, Mungu alimwuliza anafanya nini pale, akamwacha amwage uchungu wake mara mbili, kwa maneno yale yale.

Hata watafiti wameona jambo la namna hii. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alieleza kwamba wagonjwa waliopasuliwa, ambao dirisha lao lilitazama miti, walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, nao walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Hatuabudu mti, ila tunamshukuru aliyeuotesha.

Basi tujaribu. Alfajiri, kabla ya foleni ya maji, tukae robo saa chini ya mti wa karibu au kando ya bustani, kimya, tukisikiliza ndege, ndipo tuombe. Tusivuke mpaka wa kambi, na akina mama wasiende peke yao. Dawa za zahanati zisiachwe. Ambaye miti bado inamtisha aanzie mlangoni pake, akitazama anga, na mwenzake akiwa karibu.

Eliya hakubaki pangoni. Alirudishwa njiani, akapewa Elisha wa kutembea naye.

Swali la nyumbani: Ni jirani gani yuko chini ya mretemu wiki hii, na nani kati yetu atampelekea uji?